Kinga na Kinga

Huku Bukavu baiskeli huitwa kinga.
Mgeni akisikia hudhani nasema ngao,
au kijinga cha moto kilichochomolewa jikoni.
Hajakosea. Vyote vitatu vililala mwaka ule
juu ya meza yangu ya kupigia pasi,
chumba cha nyuma, Kadutu,
pale bati linapovuja na sufuria inapokinga.

Nabintu aliileta akiisukuma.
Fremu imeungwa mara mbili,
gurudumu la nyuma limepinda
kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia.
Kikapu kinanuka sambaza.
"Kushuka ziwani si kazi," alisema,
"mwili unajua kushuka. Ni kurudi.
Goti langu limeukataa mlima.
Nawe, Cibalonza, si unafufua redio?"

Redio haipandi mlima. Sikumwambia.

Nilizunguka kwa mafundi wa kompyuta, Nyawera,
nikawaomba betri zilizokufa.
Walicheka, wakanijazia mfuko.
Ukipasua ganda unazikuta zimelala sita sita,
vidole gumba vya chuma,
na si zote maiti:
nyingine zimeangushwa na jirani yao tu.
Nilizipima moja moja.
Yenye pumzi, kwenye trei ya mayai.
Iliyokata roho, kwenye kopo la maziwa,
nje, mbali na watoto.
Nilihitaji hamsini na mbili.
Nilianza mahindi yakipandwa;
nilipomaliza kuhesabu
yalikuwa yanachomwa kando ya barabara.

Umeme wa Ruzizi huja kwetu saa saba usiku
kama mume mlevi:
hausemi ulikuwa wapi,
hausemi kama utalala.
Naamka, naulaki, nashika chuma cha risasi,
naunga nne kwa nne, safu kumi na tatu,
moshi mwembamba ukinipanda puani.
Wahenga walisema
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Hawakusema chanya ya nani iguse hasi ya nani.
Hilo nililipia kwa nyusi zangu.

Jaribio la kwanza tulifika nusu ya kilima.
Waya ulikuwa mwembamba.
Harufu ya waya unaoungua haina ndugu;
ni harufu ya pesa.
Zihindula, kaka yangu, akasimamisha pikipiki
akitutazama, injini ikisafisha koo.
"Dada, petroli inauzwa kila kona."
Inauzwa, ndiyo. Nabintu huuza samaki kwa kopo.
Ahesabu makopo mangapi ndipo anunue lita?

Usiku huo niliikata kebo ya marehemu baba,
ile nene aliyochomelea mageti ya watu wa Muhungu.
Niliishika muda mrefu kabla ya kukata.

Jumanne, alfajiri, ukungu bado umekalia ziwa,
Nabintu alipanda na mabeseni mawili.
Nilikimbia nyuma nimeshika kiti,
kisha nikakimbia sijashika kitu.

Kilichonishangaza ni ukimya.
Kinga ilipanda mlima kama wazo linavyopanda kichwani.
Mbuzi hawakuhama. Mwanamke mwenye gunia la makala
aligeuka imeshampita.
"Inapita kama mwizi!" alipiga kelele,
na hapo ndipo tulipojua tumesahau honi.
Nabintu akaitoa kifuani mwake:
Sambazaaa! Sambaza mbichi!
Mlima mzima ukajitenga pande mbili.

Nyamugo walifika samaki wakiwa na macho angavu.
Mimi nilifika baadaye, kwa miguu,
kiatu kimoja mkononi.

Hakunilipa yote. Hulipa kwa Ijumaa,
kidogo kidogo, ndani ya jani la mgomba,
na betri hulala kwangu, chini ya kitanda,
ikisubiri pamoja nami saa saba.
Mume wangu anasema tuna mtoto wa nne.

Jana amerudi na kinga nyingine,
ya jirani yake. Haina breki.
Mnyororo umekatika, kiti ni gunia lililofungwa kamba.
"Na hii," alisema.

Sikumjibu.
Nilitoa sahani juu ya meza.